Mahakama mbili za juu katika jimbo moja

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, twasoma jinsi Musa alivyokuwa akikaa tangu asubuhi hata jioni kuamua mashauri ya watu wake, nao wakisimama mbele yake wakingoja zamu. Baba mkwe wake, Yetro, alipoona hayo alimwonya kwamba atachoka, na watu nao watachoka pamoja naye. Akamshauri achague watu wanyofu, wenye kumcha Mungu na kuchukia rushwa, waamue mambo madogo. Yale magumu tu yaletwe kwa Musa mwenyewe.

Shauri lile lilikuwa jema. Hata mkuu mwenye akili nyingi hawezi kusikiliza kila neno peke yake. Lakini tuangalie vizuri: Yetro aligawa kazi kwa wale wa chini, na juu alimwacha Musa mmoja. Itakuwaje basi mahali ambapo juu kabisa wamewekwa wawili, kila mmoja na mashauri yake, wala hakuna aliye mkubwa kuliko mwenzake? Na itakuwaje siku shauri moja linapowagusa wote wawili, na uhai wa mtu umo ndani yake?

Hayo yamekwisha kutokea katika majimbo mawili ya Marekani, Texas na Oklahoma. Twataka kueleza historia yake, maana yatufundisha neno ambalo hata sisi huku Kongo twalihitaji.

Ngazi mbili na milango miwili

Marekani ni nchi ya majimbo 50. Kila jimbo lina katiba yake, gavana wake, bunge lake na mahakama zake. Mtu akiua au akiiba, kwa kawaida jimbo lile ndilo linalomhukumu kwa sheria zake lenyewe. Mahakama kuu ya nchi yote, iliyoko Washington, huingia tu pale inapoguswa katiba au sheria ya nchi nzima.

Mashauri yenyewe ni ya namna mbili. Watu wakigombana kwa ajili ya shamba, deni au urithi, hayo ni madai, ndiyo wenyeji wa mijini kwetu huyaita mambo ya sivili. Lakini mtu akiua, akiiba au akichoma nyumba, serikali yenyewe humshitaki ili aadhibiwe. Hayo ni mambo ya jinai, ndiyo ya penali. Asiyeridhika na hukumu hukata rufaa, na rufaa hupanda kama mtu apandaye ngazi. Katika majimbo 48, ngazi ya madai na ngazi ya jinai huishia katika mahakama moja ya juu. Katika Texas na Oklahoma ngazi ni mbili hata mwisho, na kila moja huishia kwa mlango wake.

Jinsi Texas ilivyogawa kazi

Texas ni jimbo kubwa. Eneo lake lapita robo ya Kongo yetu. Ilijitenga na Mexico mwaka 1836, ikawa nchi peke yake karibu miaka kumi, na mwaka 1845 ikaingia katika Marekani. Wakati ule mahakama yake ya juu ilikuwa moja tu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka 1861 hadi 1865, watu waliongezeka upesi, na pamoja nao magomvi ya ardhi na ng'ombe, madeni, wizi na mauaji. Mashauri yakarundikana mbele ya waamuzi wachache. Mwenye shamba alingoja, na mfungwa naye akangoja.

Mwaka 1876 wenyeji wa Texas waliandika katiba mpya, ndiyo inayotumika hata leo ingawa imerekebishwa mara nyingi sana. Kando ya Mahakama ya Juu waliweka Mahakama ya Rufaa yenye waamuzi 3. Rufaa zote za jinai zikapewa mahakama hiyo mpya, pamoja na madai kadhaa madogo. Mwaka 1891 walirekebisha tena: mahakama ile ikaondolewa madai, ikapewa jina la Mahakama ya Rufaa za Jinai. Tangu hapo neno lake katika mambo ya jinai ni la mwisho jimboni, na neno la Mahakama ya Juu ni la mwisho katika madai.

Hata hivyo, waamuzi 3 hawakutosha. Mwaka 1966 watu wa Texas walikubali kwa kura zao wawe 5, na mwaka 1977 wakakubali wawe 9. Tangu mwaka 1981 mahakama za rufaa za katikati nazo zinasikiliza mambo ya jinai, ili mzigo upungue. Lakini aliyehukumiwa kufa, rufaa yake hupanda moja kwa moja hata mlango wa juu.

Faida ya mpango huu yaonekana. Mwamuzi anayeshughulikia jinai kila siku huzijua sheria zake kama fundi anavyojua chombo chake, na mfungwa hasimami nyuma ya wafanyabiashara wenye kesi ndefu za fedha. Lakini upo na upungufu. Fundi wa kazi moja aweza kupenda chombo kuliko kazi. Katika miaka yake ya kwanza, mahakama ile ya jinai iliwahi kubatilisha hukumu kwa sababu raia walioitwa kutoa neno la hatia walikosea kuandika neno lenyewe, wakaacha herufi moja. Hukumu nzima ikaanguka kwa ajili ya herufi!

Oklahoma, jirani ya kaskazini, ilipokuwa jimbo mwaka 1907 ilifuata mfano huo. Mwaka 1908 bunge lake likaunda mahakama ya peke yake kwa rufaa za jinai.

Mpaka wapita wapi?

Kugawa shamba ni kazi ya siku moja. Kuulinda mpaka ni kazi ya miaka yote. Kwenye karatasi mpaka wa mahakama hizi ni mwepisi: jinai huku, madai kule. Lakini mambo ya watu hayatembei kwa kufuata karatasi.

Tutoe mfano wa Texas. Mtu akamatwa akichukua dawa za kulevya katika lori lake. Kumfunga mtu ni jinai, na rufaa yake itapanda kwa mahakama ya jinai. Lakini kulinyang'anya lori lake, ingawa ni kwa kosa lile lile, huhesabiwa kuwa ni madai, na rufaa yake itapanda kwa Mahakama ya Juu. Tena, kijana wa miaka 15 aliyeua, akihukumiwa kama mtoto, shauri lake ni la upande wa madai. Akihamishwa ahukumiwe kama mtu mzima, shauri lahamia upande wa jinai. Damu iliyomwagika ni ile ile.

Basi, mahakama mbili zikigombea shauri, au zote mbili zikilikataa, nani atasema liende wapi? Hapo majirani wawili wanaachana. Tangu mwaka 1967 katiba ya Oklahoma yaeleza wazi: ikitokea shaka, Mahakama ya Juu ndiyo itakayoamua shauri ni la nani, na neno lake ni la mwisho. Katiba ya Texas haina kifungu cha namna hiyo. Kila mahakama yalinda upande wake.

Msomaji atafikiri kwamba Oklahoma imejenga vizuri zaidi. Nasi twakubali. Lakini tuone yaliyotokea.

Oklahoma, Aprili 2014

Mwaka 2014 wanaume wawili, Clayton Lockett na Charles Warner, walikuwa wakingoja kuuawa Oklahoma kwa sindano ya sumu. Makosa yao yalikuwa ya kutisha. Mmoja alimwua msichana wa miaka 19. Mwingine alimwua mtoto mchanga. Hatusemi hayo kwa kupita tu: waliouawa walikuwa na mama na ndugu, na machozi yao ni ya kweli.

Wafungwa hao waliuliza jambo moja. Sheria ya jimbo ilificha mahali dawa za kuulia zilikotoka. Wao walidai kuijua dawa watakayochomwa. Tarehe 26 Machi mwamuzi mmoja wa jimbo aliwakubalia kwamba sheria ile ya siri yavunja katiba. Lakini siku za kuuawa zilikuwa zimekwisha kupangwa, na mwamuzi yule hakuwa na uwezo wa kuzisimamisha.

Nani basi azisimamishe? Dai la kujua dawa lilikuwa la upande wa madai. Kuahirisha kifo kulikuwa kwa upande wa jinai. Mahakama ya Juu ilisema Mahakama ya Rufaa za Jinai ndiyo inayopaswa kuahirisha. Mahakama ya Rufaa za Jinai ikajibu kwamba haina uwezo huo, maana shauri lile haliko mbele yake. Karatasi zikaenda zikarudi, na siku zikapita. Mwisho, tarehe 21 Aprili, Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliwasimamishia wote wawili kifo, hata dai lao lisikilizwe.

Hapo palitokea lile ambalo katiba haikulitazamia. Siku ya pili gavana alitangaza kwamba Mahakama ya Juu imepita uwezo wake, akaweka tarehe 29 Aprili kuwa siku ya kumwua Lockett. Siku ya tatu mbunge mmoja alileta mashitaka ya kuwaondoa kazini waamuzi wale 5. Siku hiyo hiyo Mahakama ya Juu ikaondoa zuio lake, ikawanyima wafungwa dai lao.

Tarehe 29 Aprili jioni Lockett aliingizwa chumbani. Sindano haikukaa vizuri mshipani, na dawa ikamwagika mwilini pasipofaa. Alijinyonga-nyonga, akainua kichwa, akajaribu kusema. Wakuu wa gereza wakafunga pazia, hata wakaamuru kazi isimame. Akafa dakika 43 baada ya kuanza. Warner aliahirishiwa usiku ule, akauawa Januari 2015. Baadaye ikajulikana kwamba dawa moja aliyochomwa siyo ile iliyoandikwa katika amri. Lile swali lao kuhusu dawa, kumbe, halikuwa la bure.

Tuangalie basi. Oklahoma ilikuwa na sheria ya mpaka, iliyoandikwa wazi. Yule aliyepewa kuamua mpaka aliuamua. Lakini wakubwa wengine hawakutaka kumtii, naye akarudi nyuma.

Texas, usiku wa tarehe 17 Oktoba 2024

Sasa turudi Texas. Robert Roberson alihukumiwa kifo mwaka 2003 kwa kumwua binti yake wa miaka 2. Madaktari wa wakati ule walisema mtoto alitikiswa kwa nguvu hata akafa. Baadaye wataalamu wengi walianza kuitilia shaka elimu ile, na mawakili wake wakasema mtoto alikufa kwa ugonjwa. Roberson mwenyewe daima amesema hana hatia. Mwaka 2013 Texas ilikuwa imetunga sheria ya kuwafungulia mlango wale waliohukumiwa kwa elimu iliyoonekana baadaye kuwa ya uongo. Hata hivyo, mahakama ya jinai ilikataa maombi yake, na siku yake ikawekwa: tarehe 17 Oktoba 2024.

Jioni ya kuamkia siku ile, kamati moja ya bunge la Texas ilimwita Roberson aje kutoa ushuhuda mbele yake tarehe 21, ili wabunge waone kama sheria yao ya 2013 yafanya kazi. Maiti haiwezi kutoa ushuhuda. Basi wabunge wakamwendea mwamuzi wa Austin, mji mkuu wa jimbo, naye akazuia mauaji kwa muda. Mahakama ya Rufaa za Jinai ikaliondoa zuio hilo usiku ule ule, kwa kura 5 dhidi ya 4. Mfungwa alikuwa amekwisha pelekwa Huntsville, penye chumba cha kuulia, na amri ya kumwua ilikuwa na nguvu hata saa sita ya usiku.

Wabunge wakabisha mlango wa pili. Walimwambia Mahakama ya Juu: sisi hatuombi msamaha wa mfungwa, hayo ni jinai, sisi twadai haki ya bunge kumsikia shahidi, na hayo ni madai. Mahakama ya Juu ikakubali kwamba neno hilo ni la upande wake. Kabla ya saa sita ikasimamisha mauaji. Wakuu wa gereza wakatii, na Roberson akarudishwa katika chumba chake yu hai.

Wasomaji wasifikiri kwamba Mahakama ya Juu ilimpendelea. Tarehe 15 Novemba 2024 ilitoa hukumu kamili: bunge laweza kutaka ushuhuda wa mfungwa, lakini haliwezi kuutumia mwito wake kuzuia kifo kilichokwisha pangwa. Siku mpya ikawekwa, tarehe 16 Oktoba 2025. Lakini tarehe 9 Oktoba 2025 Mahakama ya Rufaa za Jinai yenyewe, ile iliyokuwa imemkatalia, iliyasimamisha mauaji na kulirudisha shauri chini lichunguzwe tena. Yenyewe ilikuwa imebatilisha mwaka 2024 hukumu ya mtu mwingine iliyosimama juu ya elimu ile ile.

Fikirini. Kama usiku ule wa 2024 wakuu wa gereza wangesema, Sisi twafuata mahakama ya jinai tu, yule mtu angekufa, na uchunguzi mpya ungefanyika juu ya kaburi. Texas haikuwa na sheria ya mpaka kama ya Oklahoma. Ilikuwa na watu waliotii. Oklahoma ilikuwa na sheria, lakini utii ulikosekana. Hapo ndipo tunapoona kwamba mpaka hautoshi kuandikwa.

Pilato na Herode

Mtakatifu Luka, katika sura ya 23, asimulia jinsi Pilato, aliposikia kwamba Yesu ni mtu wa Galilea, alivyompeleka kwa Herode, kwa kuwa Galilea ilikuwa chini yake. Herode alimdhihaki, akamrudisha. Hakuna hata mmoja aliyemwona na kosa la kufa, wala hakuna aliyethubutu kumwachilia. Siku ile wakubwa wawili wakawa marafiki, na Asiye na kosa akasulibiwa.

Hatuwafananishi wauaji na Bwana wetu. Lakini dhambi ya Pilato twaijua kwa sura yake: kusema si kazi yangu, mpelekeni kwa fulani. Mipaka ya mahakama ni vitu vyema. Mwamuzi asiyejua mwisho wa uwezo wake huwa mkatili. Lakini mpaka huwekwa ili kila shauri liwe na mwenyewe, wala si ili kila mmoja apate mahali pa kunawia mikono.

Na kwetu Kongo?

Jambo hili si la ng'ambo tu. Tangu mwaka 1968 nchi yetu ilikuwa na Mahakama Kuu moja. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliigawa kazi yake katika sehemu tatu: Mahakama ya Katiba, Mahakama ya Kasasio kwa madai na jinai, na Baraza la Serikali kwa mashitaka juu ya matendo ya wakuu wa utawala. Kando yake ipo Mahakama Kuu ya Kijeshi. Katika jinai, Rais wa Jamhuri na Waziri Mkuu huhukumiwa na Mahakama ya Katiba. Wabunge na mawaziri huhukumiwa na Mahakama ya Kasasio.

Mara likazuka swali: Waziri Mkuu aliyekwisha toka kazini ni wa nani? Mwezi wa Novemba 2021 Mahakama ya Katiba ilisema si wake. Shauri likaenda Kasasio, nako likarudishwa kuulizwa tena. Mwezi wa Novemba 2022 Mahakama ya Katiba ikasema ni wake. Sisi hatuamui hapa nani alikuwa na haki. Twaonyesha tu kwamba mlima ule uliopandwa Oklahoma na Texas, nasi tunaupanda.

Na mzigo wetu umeongezeka uzito, kwa maana mwezi wa Machi 2024 serikali iliondoa ahirisho la kuwaua waliohukumiwa kifo, lililodumu tangu mwaka 2003. Pale adhabu ni faini, kosa la mpaka laweza kurekebishwa kesho. Pale adhabu ni kifo, hakuna kesho. Texas imewaua watu zaidi ya 590 tangu mwaka 1982. Ndiyo maana Eklezya, kwa neno la Papa Fransisko lililotangazwa tarehe 2 Agosti 2018, iliirekebisha Katekisimu namba 2267: adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa yapiga heshima ya binadamu, na Eklezya yafanya kazi ili iondolewe duniani kote.

Tushike nini basi? Wakigawa mahakama, na wagawe, kama Yetro alivyoshauri. Lakini wamtaje yule atakayeamua mpaka, na akisha kuamua, gavana, mbunge na mlinzi wa gereza wamtii, hata kama hawapendi. Na kabla hajaamua, yule mfungwa asiguswe. Shaka iwe upande wa uhai.

Nasi wa parokia tunayo sehemu yetu. Katika magereza yetu wapo watu ambao karatasi zao zimetumwa ofisi hii na kurudishwa na ile, hata hakuna ajuaye ni za nani. Anayemtembelea mfungwa amwulize: Shauri lako liko mahakama gani? Tarehe gani? Mkono wa nani umelishika? Maswali hayo madogo, yakiandikwa na kupelekwa kwa Tume ya Haki na Amani, yaweza kumrudishia mtu jina lake mbele ya sheria. Na tuwaombee waamuzi, wakubwa na wadogo, ili shauri la mtu likifika mlangoni pao wasitafute kwanza mlango wa jirani.